Mchapakazi au mvivu: nani anaiumiza ardhi kidogo?

Tumelelewa kwenye nchi zinazoheshimu jasho. Wazee wetu walipita kwenye "Uhuru na Kazi", sisi tukafika kwenye "Hapa Kazi Tu", na katikati yake hakuna mtoto aliyesifiwa kwa kukaa kivulini. Sina ugomvi na hilo. Ila kwa miaka sasa nimekuwa nikitazama kazi tunazozifanya nyumbani na shambani, na nimeridhika kwamba nyingine tunazifanya kwa bidii kubwa na matokeo yake ni udongo kwenda na maji, moshi kujaa mtaani na mkaa kuisha kabla ya wiki. Upande wa pili upo uvivu ambao, bila mwenyewe kukusudia, umeacha mti ukaota na maji yakazama ardhini.

Kwa hiyo naweka pande mbili mezani, ya mchapakazi na ya mvivu, kazi kwa kazi, ili msomaji achague ipi ya kuendelea nayo na ipi ya kuiachia. Kipimo changu ni kimoja: kazi ukiiacha, imeachwa kweli, au imehamia mahali pengine? Kama hakuna anayeifanya na hakuna kilichoharibika, huo uvivu una faida. Kama sasa inafanywa na injini, na plastiki au na mtu mwingine ndani ya nyumba hiyohiyo, hesabu inabadilika kabisa.

Kufagia uwanja wote, au kuufagia nusu

Mchapakazi anaamka alfajiri na fagio la chelewa. Kufikia jua kuchomoza uwanja umebaki na mistari ya fagio, majani yamerundikwa pembeni, kiberiti kimewashwa. Sababu zake ni za kweli: uwanja mweupe unaonyesha nyoka na nge mapema, na mgeni akifika anaona kwamba nyumba ina wenyewe.

Gharama yake haionekani kwa siku moja. Kila asubuhi fagio linasogeza vumbi kidogo kuelekea kwenye mtaro, na vumbi hilo ndilo udongo wa juu. Kinachobaki kinakandamizwa na miguu mpaka kinakuwa kama sakafu. Mvua ya milimita 20 ikishuka kwenye uwanja wa mita za mraba 200 inamwaga lita 4,000 za maji, na uwanja uliofagiliwa miaka nenda rudi hauwezi kuyanywa. Yanakimbilia barabarani au kwa jirani wa chini. Angalia mwembe wa uani kwenye nyumba za zamani: mara nyingi mizizi imesimama juu ya ardhi, unaweza kuikalia kama benchi. Udongo uliokuwa umeifunika umeshaondoka.

Sasa nenda kwenye mwembe ambao mwenyewe hakuupata muda wa kuufagilia. Fukua kwa mkono. Juu kuna majani makavu yanayovunjika. Chini yake kuna majani yaliyolainika, yameshikana kwa nyuzi nyeupe za ukungu. Shuka kidogo tena, unakuta kitu cheusi chenye unyevu, jongoo amejikunja, nyungunyungu anarudi ndani haraka. Hiyo ni mboji, tena mahali ambapo hakuna aliyewahi kutengeneza mboji. Udongo wa hapo ukiushika wiki kadhaa baada ya mvua bado una ubaridi, wakati ule uliofagiliwa hatua chache pembeni umeshapasuka.

Na moshi wa lundo la majani usiuchukulie poa. Majani mabichi yakichomwa hayawaki vizuri, yanafuka, na ule moshi mzito una chembe ndogo zinazofika ndani kabisa ya mapafu. Mara nyingi ndani ya lundo kuna pakiti ya maziwa na soli ya kandambili, kwa hiyo mtaa mzima unavuta plastiki saa moja asubuhi, watoto wakiwa njiani kwenda shule.

Hapa nampa mvivu ushindi, ila kwa masharti mawili. La kwanza, aache majani lakini asiache maembe. Maembe yaliyooza chini ya mti ndiyo nyumba ya nzi wa matunda, yule vamizi aliyetokea Asia na kugunduliwa Kenya mwaka 2003 kabla ya kusambaa sehemu kubwa ya Afrika. Funza wake hukua ndani ya tunda, kisha huingia udongoni kujigeuza. Maembe hayo yaokotwe na kufukiwa kwa kina cha kama nusu mita. La pili, asiache makopo, vifuu na matairi. Majani hayahifadhi maji ya kutosha kuzalia mbu, bali kopo linahifadhi, na mbu wa Aedes anayeeneza dengue anatosheka na maji ya kifuniko cha ndoo. Dar es Salaam ilipata milipuko ya dengue mwaka 2014 na tena 2019, na makopo kama hayo ni sehemu ya maisha ya mbu huyo.

Uamuzi wangu: fagia mita chache kuzunguka nyumba, mahali pa kukaa na pa watoto kuchezea. Kwingine kote, chini ya miti, acha.

Wenye bustani ya ukoka nao wanahusika. Uingereza kuna shirika la Plantlife ambalo tangu 2019 linawaomba watu wasikate nyasi mwezi Mei, ili maua ya porini yachanue na nyuki wapate chakula. Kwetu miezi ni tofauti lakini jambo ni lilelile. Nyasi zikikatwa fupi sana kiangazi zinadai mpira wa maji kila jioni, na zikiachwa ndefu kidogo zinajifunika zenyewe.

Kiberiti na jembe, au kuacha mabua

Mkulima mwenye sifa, kabla ya mvua, shamba lake ni jeusi. Amekusanya mabua, amechoma, ametifua kote. Jirani ambaye mabua yake bado yamelala anasemwa.

Lakini tazama kinachotokea kwenye ule moto. Karibu naitrojeni yote iliyokuwa kwenye mabua inapaa hewani. Potashi na fosforasi hubaki kwenye majivu, kisha upepo wa Oktoba unapeperusha, na mvua ya kwanza inaosha kilichobaki. Baada ya hapo mkulima huyohuyo anakwenda dukani kununua mfuko wa mbolea ili kurudisha alichokiteketeza kwa njiti moja.

Jembe la mkono nalo lina hasara yake. Likipita kina kilekile kila mwaka, linajenga tabaka gumu sentimita chache chini ya usawa wa jembe. Mizizi ya mahindi ikifika hapo inapinda, inakwenda pembeni. Mvua zikikatika wiki mbili tu, mahindi yanakunja majani ilhali unyevu upo, chini ya lile tabaka. Wanaofuata kilimo hifadhi wanapasua mstari wa kupandia tu, mabua yanabaki juu ya ardhi kama matandazo, na kati ya mistari wanaotesha zao la kufunika. Karatu na Arumeru wakulima wametumia ngwara kwa kazi hiyo: inatambaa, inafunika, inaua magugu kwa kivuli chake, na majani na mbegu zake zinaliwa.

Hapa mvivu hashindi kirahisi. Shamba lisilotifuliwa hujaa magugu misimu ya mwanzo, na asiyeweka matandazo ya kutosha atajikuta palizini mara nyingi kuliko zamani, au atakimbilia dawa ya kuua magugu. Hapo kazi haijaachwa, imehamia kwenye bomba la kunyunyizia. Pia mabua yana wateja wengine. Kwenye vijiji vya wafugaji, baada ya mavuno ng'ombe huingia kila shamba, na wewe uliyeacha matandazo unakuwa umewawekea chakula. Bila makubaliano ya kijiji, mkulima mmoja peke yake hawezi.

Pamba iwekwe kando. Mabua ya pamba kanuni inataka yang'olewe na kuteketezwa baada ya msimu, kwa sababu funza mwekundu wa pamba anajificha humo akisubiri zao lijalo. Uvivu wa mkulima mmoja hapo ni hasara ya kata nzima.

Anayelima mahindi na mtama, mahali ambapo mifugo inadhibitika, nasema aache kiberiti moja kwa moja. Jembe aliache taratibu, kwa kuanza na robo eka ili aone magugu yanavyokuja.

Kupanda miche, au kuacha visiki

Hili ndilo eneo ambalo uvivu umefanya maajabu, na ndilo ninalotaka lijulikane kuliko mengine yote.

Upande wa bidii tunaujua. Tanzania kila halmashauri imewekewa lengo la kupanda miti milioni 1.5 kwa mwaka. Siku ya upandaji viongozi wanakuja, mashimo yamechimbwa, miche imetoka kitaluni ndani ya viroba vyake. Baadaye wageni wanaondoka, na mche unabaki na jua la Dodoma. Unahitaji kumwagiliwa, kuzungushiwa miiba, kulindwa dhidi ya mbuzi na mchwa. Kwenye ukame, sehemu kubwa hufa kabla ya mvua ya pili.

Upande wa pili chukua Shinyanga. Mapori yake yalifyekwa tangu enzi za ukoloni ili kumfukuza mbung'o, pamba ikaongeza kufyeka, ng'ombe wakaongezeka, mpaka mkoa ukawa unaitwa jangwa la Tanzania. Mwaka 1986 ukaanzishwa mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI. Mwanzoni walifanya kilichozoeleka, vitalu na miche. Kilichobadilisha mambo ni kurudi kwenye desturi ya Wasukuma wenyewe: ngitili. Ni kipande cha malisho kinachofungwa mvua zinapoanza, hakiguswi, kisha hufunguliwa katikati ya kiangazi kwa ajili ya ndama, ng'ombe dhaifu na maksai wa kulimia. Watu waliacha kuingia. Basi. Miti iliyokuwa imebaki mizizi tu chini ya ardhi ikachipua, nyasi zikarudi, nyuki wakarudi, kuni zikapatikana karibu. Ngitili zilizorejeshwa zikapita hekta 300,000 katika mamia ya vijiji, na mwaka 2002 HASHI ikapewa tuzo ya Equator ya Shirika la Maendeleo la Umoja wa Mataifa. Hakuna kitalu ambacho kingeweza kuzalisha miche ya eneo hilo.

Niger walifika hapohapo kwa njia nyingine. Tony Rinaudo, Mwaustralia aliyekuwa akihangaika na miche inayokufa huko Maradi, mwaka 1983 aliangalia vichaka vya shambani kwa makini akaona kwamba ni miti iliyokatwa, mizizi yake ikiwa hai. Wakulima walikuwa wanavifyeka kila mwaka kusafisha shamba. Walipoacha kufyeka vyote, kwa miaka iliyofuata miti ikarudi kwenye eneo linalokadiriwa hekta milioni 5. Dodoma njia hiyo inaitwa Kisiki Hai, na shirika la LEAD Foundation limeifikisha kwenye vijiji vingi.

Siri iko chini ya ardhi. Mche una mizizi ya urefu wa kiganja. Kisiki cha mti uliokatwa miaka mingi iliyopita kina mizizi iliyokwisha kufika kwenye unyevu, na akiba ya chakula ndani yake. Ukikiacha, hakikuombi maji.

Si uvivu mtupu, nakiri. Kisiki kinatoa machipukizi mengi yanayosongana. Unachagua mawili au matatu yaliyonyooka, unakata mengine, unapunguza matawi ya chini, unafunga kitambaa au kuweka alama ili mwenye panga asipite nalo. Kazi ya asubuhi moja kwa eneo kubwa, na matawi uliyokata ni kuni.

Ila msomaji asichanganye kupumzisha ardhi na kuitelekeza. Eneo ambalo mbuzi na moto wanapita kila kiangazi halijaachwa. Kuna mahali pia mapumziko yaliwagharimu watu sana. Kondoa, mwaka 1979, serikali iliondoa mifugo yote kwenye eneo la zaidi ya kilomita za mraba 1,200 lililokuwa limeliwa na makorongo. Ardhi ilipona, makorongo yakaota nyasi. Lakini familia zilizotoa ng'ombe wao ndizo zilizolipa, na sipendi hadithi ya Kondoa isimuliwe bila wao. Ngitili naipenda zaidi kwa sababu mwenye ng'ombe ndiye mwenye kuamua lini pafunguliwe.

Kuchagua basi: kama shamba lako lina visiki vinavyochipua, usinunue mche hata mmoja wa mti wa kivuli. Nunua miche ya matunda, au kwa ardhi ambayo mizizi imekwisha kabisa.

Kuchochea jiko, au kuacha chungu kijipikie

Maharage makavu juu ya mkaa yanaweza kuchukua saa tatu, mtu akiwa pembeni anapepea na kuongeza maji. Mvivu anayaloweka jioni na kulala. Asubuhi anamwaga maji hayo, anayachemsha kwa maji mapya, kisha anakitoa chungu motoni kikiwa kimefunikwa, anakiweka ndani ya kapu lililojazwa matambara au kukizungushia mablanketi, anakwenda kwenye shughuli zake. Joto lililomo linaendelea kuivisha bila mkaa. Akirudi, moto mdogo wa kuunga na kitunguu unatosha.

Jambo moja si la kuruka. Maharage, hasa mekundu, lazima yachemke kwa nguvu angalau dakika 10 kabla ya kuingia kwenye kapu. Yana sumu ya asili inayovunjwa na mchemko mkali, na joto la wastani haliivunji.

Mtu atauliza kwa nini kapu wakati tunahimizwa gesi. Mkakati wa taifa Tanzania ni kwamba ifikapo 2034 asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati safi ya kupikia, na ni lengo zuri. Lakini kinachowarudisha wengi kwenye mkaa ni maharage na makande, kwa sababu mtungi wa kilo 6 unaisha upesi. Kapu linaufanya mtungi udumu. Sioni vinapingana.

Kiporo nacho ni uvivu mwema: ugali au viazi vya jana na chai, jiko halijawashwa na chakula hakijatupwa. Wali tu ndio wa kuangalia. Wali uliolala kwenye sufuria kwenye joto la Tanga au Mombasa unaweza kuota vimelea ambavyo sumu yake haiondoki hata ukiupasha. Kama hakuna friji, pika wa kuisha.

Pasi, kufua na simu

Haya nayapita haraka kwa sababu uzito wake ni mdogo kuliko watu wanavyodhani. Pasi ya wati 1,000 ikikaa moto nusu saa inaweza kula nusu uniti. Kwa aliye kwenye daraja la matumizi madogo, lenye kikomo cha uniti 75 kwa mwezi, hiyo ina maana. Nguo ikikung'utwa vizuri na kuanikwa imenyooshwa haidai pasi. Lakini Kenya, ambako umeme mwingi unatoka kwenye mvuke wa ardhini, maji na upepo, faida ni ya mfuko wako zaidi kuliko ya hewa. Anayetumia pasi ya mkaa ndiye anayeokoa zaidi akiacha.

Jinzi hazihitaji kufuliwa kila zikivaliwa. Na simu: sehemu kubwa ya uchafuzi wake ilishatokea kiwandani kabla hujaifungua boksi, kwa hiyo anayechelewa kununua toleo jipya kwa sababu hana hamu ya kuhamisha namba anafanya jambo kubwa. Badilisha betri, endelea nayo.

Uvivu ambao siupokei

Kuita bodaboda ilete mkate kutoka duka linaloonekana kibarazani. Kununua maji ya chupa kila siku kwa kuona taabu kuchemsha au kuchuja. Kuacha bomba linalovuja, tone kila sekunde, ambalo kwa siku hukaribia ndoo ya lita 20. Kutupa taka mtaroni kwa kuwa gari la taka limechelewa. Hapa kazi haijapungua hata kidogo, imepelekwa kwenye petroli, kwenye plastiki na kwa watu wa bondeni wanaofurikiwa Aprili.

Kuna na uvivu mwingine ambao hausemwi sana. Baba anatangaza kwamba nyumba hii haichomi tena majani wala haitumii mkaa ovyo, halafu mama na dada wa kazi ndio wanaobeba majani mpaka shimoni, wanaotafuta kuni kavu zaidi, wanaofua kwa mkono kwa kuwa mashine inakula umeme. Mazingira yamepata nafuu, mgongo wa mtu mmoja umelipa. Kwenye nyumba ya namna hiyo ningeanza na kapu la maharage kabla ya jambo lingine lolote, kwa sababu hapo anayepumzika ni yuleyule aliyekuwa akipepea jiko.